Daktari wa Mapanga na Jarida la Siku Nne

Mwaka ule tulikula mgongo wazi. Minofu ya mbuta, samaki wetu mkubwa, ilipanda lori ikaenda kiwandani, na kutoka kiwandani ikapanda ndege, sisi wenye ziwa tukabaki na kichwa, mkia na ule uti wa katikati, tunaukaanga mpaka unavunjika mdomoni kama kijiti. Watoto wangu walijua kunyonya mwiba kabla ya kujua kuhesabu. Mtu wa Mbita akikutajia mwaka wa mifupa, ni huo. Ndio mwaka mume wangu alinikata, na ndio mwaka nilikutana na daktari.

Alinikata kwa sababu ya kichwa cha samaki. Nilikuwa nimempa mwanangu Ouma, na baba yake alikuwa anakitaka. Sina mengi ya kusema juu ya hayo. Mume alishakufa na kaburi lake nalifagia mimi. Panga liliingia hapa, chini ya kiwiko, mkono wa kushoto, kwa sababu nilikuwa nakinga uso. Majirani wakaja mbio wakafanya vile sisi hufanya: wakakata mpira wa tyubu ya baiskeli, mwembamba kama kidole, wakauzungusha juu ya kiwiko, watu wawili wakavuta, mmoja huku mmoja kule, mpaka damu ikaacha. Halafu wakanipakia kwenye lori la samaki. Hiyo ilikuwa asubuhi. Tulifika hospitali ya Homa Bay jua limepita kichwani na mkono wangu umekuwa rangi ya ini.

Akaja mwanamke mfupi, shingo nene, koti jeupe lina damu ya mtu mwingine. Hakusema pole. Alisema, "Mpira huu ulifungwa saa ngapi?"

"Asubuhi," jirani yangu akasema.

"Asubuhi ni ndefu. Saa ngapi?"

"Daktari, ng'ombe walikuwa wameshatoka kwenda malishoni."

Akatoa daftari jeusi mfukoni akaandika: ng'ombe wameshatoka. Nilimwona kwa macho yangu. Mimi namwaga damu, yeye anamwaga wino.

"Unaandika na mimi nakufa?" nikamuuliza.

"Ukifa nitaandika hiyo pia. Aliyekukata alikuwa mbele yako au nyuma?"

Hivyo ndivyo alivyonishona, swali moja, sindano moja. Mkono ulipona. Vidole viwili vya mwisho vilikufa, na mpaka leo vinanifuata tu kama watoto wa jirani. Aliniambia baadaye kwamba havikuuawa na panga. Viliuawa na mpira.

Kwao hasa sijui. Wengine walisema ni Mkuria wa upande wa Kegonga, karibu na mpaka wa Tanzania. Yeye ukimuuliza alisema, "Mimi natoka wodi namba tatu." Dholuo, lugha yetu, aliiongea kama mtu anayetembea juu ya mawe, lakini matusi yake yalinyooka. Sisi wote tulimwita daktari wa mapanga. Kulikuwa na madaktari wengine, wa malaria, wa wajawazito. Huyu ukikatwa ndio ulimwona.

Alikuwa na mkono mwepesi, na sisemi kwa kushona peke yake. Siku ya tatu nikiwa wodini, mume wangu alikuja na rungu kumalizia kazi. Alisema nimemwaibisha kwa kupelekwa hospitali. Wauguzi walikimbia. Mimi nilivuta shuka nikafunika kichwa, nikasema basi. Nikasikia kitu kama kuni inapasuka. Nilipofunua, mume wangu amelala sakafuni akilia kama ndama, na daktari amesimama juu yake na kile chuma cha kutundikia dripu.

"Bega," akasema. "Mleteni mezani."

Akamfunga bega lile lile alilolivunja, akiwa anatafuna njugu. Kisha akatoa daftari. Mjukuu wangu Atieno, aliyekuja kulisoma lile daftari lote akiwa msichana mkubwa, aliniambia yameandikwa hivi: Mfupa wa bega, upande wa kulia. Silaha, chuma cha dripu. Aliyepiga, mimi. Mume wangu hakuninyanyulia mkono tena mpaka anakufa. Sisemi alitubu. Bega halikupanda tena.

Sasa nikuambie kitu ambacho watu hawaamini. Mwanamke huyu, aliyekata miguu ya wanaume kwa msumeno na kula chapati baada ya hapo, hakuweza kuona kuku akichinjwa. Alikuja kwangu mara nyingi baada ya mume kufa, kupumzika alisema, na kila nikishika kuku alitoka akaenda kusimama nyuma ya choo, vidole masikioni, mpaka nimwite. Kisha alikaa mezani akadai firigisi. Firigisi! Kwetu firigisi ni ya mwanamume mwenye boma. Shemeji yangu alimwangalia kama mtu ameona fisi kanisani.

"Daktari, hiyo ina mwenyewe," akamwambia.

"Mwenyewe ni huyu kuku, na hayupo," akajibu, akatafuna.

Neno lake lilikuwa moja, na alilitumia kwa kila mtu: Nani amekusoma? Mhubiri akihubiri kwamba dunia itaisha mwezi ujao, yeye anauliza kwa sauti kutoka benchi la nyuma, "Nani amekusoma kabla hujasimama hapo?" Muuza dawa za minyoo akipaza sauti kwenye spika sokoni, "Nani amekusoma?" Nilidhani ni wazimu wa watu waliosoma sana. Mimi niliishia darasa la tatu, na katika darasa hilo la tatu nilikuwa nachunga mbuzi nusu yake.

Lile daftari jeusi lilizaa mengine. Kabati nzima. Miaka yote hiyo alikuwa anaandika kila aliyekatwa: silaha gani, mkono gani, wamefunga na nini, saa ngapi, wamefika lini, wameondoka na viungo vingapi. Alikwenda mpaka Kegonga, kwenye zahanati huko, siku za wezi wa ng'ombe, akaandika na ya huko. "Kule wanakatwa kwa ajili ya ng'ombe," aliniambia, "huku mnakatwa kwa ajili ya samaki, lakini mpira ni ule ule." Baiskeli zilipokwisha zikaja pikipiki, tyubu ikawa ya pikipiki, na wanaoufunga mpira ni wale wale. Tunafunga mwembamba, tunakaza mpaka jasho, na hakuna anayeangalia saa. Yeye alitaka watu wabane kidonda kwa kitambaa na mikono, wabane kweli kweli, na kama damu imekataa kabisa kuacha, wafunge na kitu kipana, waandike saa kwenye paji la uso kwa kalamu au hata kwa makaa, na wakimbie. Ni hayo tu. Lakini hakuyatangaza kama muuza dawa ya minyoo. Alitaka kwanza yasomwe na kuhojiwa na madaktari wengine.

Hapo ndipo naingia kwenye mambo ya majarida, na nitayasema kwa akili yangu ya samaki kwa sababu sina nyingine.

Kulikuwa na wafadhili wa nje waliompa uwezo wa kufanya huo utafiti, na Atieno, mtoto wa Ouma wangu, alipomaliza chuo akaajiriwa kumsaidia. Wafadhili hao walileta karatasi ya maelekezo, daktari akaibandika kwenye mlango wa ofisi yake kwa plasta ya kidonda. Atieno alinisomea siku moja nikiwa nimewapelekea chakula. Ilisema, kabla hujapeleka kazi yako kwenye jarida lolote, jiulize. Wewe na wenzako mnalijua? Umewahi kusoma kilichoandikwa humo? Wenye jarida wanapatikana wapi, wana anwani, wana simu inayopokelewa? Wahariri ni akina nani, na wenyewe wanajua kwamba ni wahariri? Kazi inasomwa na watu wa kazi hiyo hiyo kabla ya kuchapwa, na inasomwaje? Wamesema wazi wanatoza nini? Kama huna majibu, usipeleke.

"Lakini hayo ni ya samaki," nikasema.

Daktari akainua kichwa. "Endelea, Mama Ouma."

"Mtu akija na beseni la samaki pwani, namuuliza umetoka banda gani. Akisema hapa hapa tu, naondoka. Kama ana banda, nafungua shavu naangalia kama bado ni jekundu. Nauliza mama wa jirani kama alishawahi kununua kwake akaumwa tumbo. Na akinisifu sana, akiniita mrembo na umri huu, najua samaki ameoza."

Alicheka mpaka akashika meza. Aliandika hayo kwenye daftari, na mimi nilitembea siku hiyo kama nimevaa viatu vipya. Nilisema kanisani kwamba daktari ameandika maneno yangu. Nilisema pia kwamba mjukuu wangu ataandika kwenye jarida la madaktari wa dunia nzima, jina la ukoo wetu, na wale waliocheka nilipomuuza ng'ombe wa mwisho ili asome watalisoma wakiwa wamesimama.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa muhogo, muhogo asubuhi, muhogo jioni, na ugali wake mweusi unashuka kooni kama jiwe. Mwaka huo Atieno alipata nafasi ya kwenda kusoma zaidi ng'ambo, kusomeshwa bure. Walitaka kitu kimoja tu: kazi yake iwe imechapwa kabla mlango haujafungwa. Mlango ulibakisha wiki tatu. Jarida zuri, lile daktari alitaka, lingechukua mwaka au zaidi. Na ndipo ikaja barua kwenye kompyuta kutoka jarida lingine. Ilimwita Profesa Mheshimiwa Sana. Mjukuu wangu, ambaye bado namsuka nywele! Ilisema wamevutiwa na kazi yake bora, aipeleke tu, itasomwa na wataalamu na kuchapwa ndani ya siku nne.

Kazi ile ilikuwa ya daftari za daktari. Bila jina lake haikuweza kwenda popote. Atieno aliomba, akakataliwa. Nikasema, nipisheni mimi.

Nilimkuta ofisini anakunywa chai kwenye kikombe cha bati. Nilikaa. Nilimsalimia vizuri. Nilimwambia, "Daktari, mtoto huyu ni mimi. Ni ule mkono wangu ulioushona. Weka jina, aende."

"Mama Ouma, uliniambia wewe mwenyewe habari za anayesifu samaki."

"Leo sina njaa ya samaki. Nina mtoto."

"Wataalamu watasoma kwa siku nne? Mimi kidonda kimoja nakiangalia wiki sita."

"Nani atajua?"

"Muuguzi wa Kegonga hatajua, na hiyo ndiyo shida. Atafungua simu aone kimechapwa, na hataweza kutofautisha changu na cha tapeli kilicho ukurasa wa pili. Siku atakayofuata cha tapeli, jina langu litakuwa limemshika mkono."

"Ni karatasi tu!"

Akaweka kikombe chini. "Siweki jina langu pale. Hata mnikate mikono yote miwili, siweki."

Nilimwambia kitu ambacho mwanamke hamwambii mwenzake. Nilimwambia hana mtoto, ndio maana. Kikombe kilipita karibu na sikio langu, chai yote, kikagonga fremu ya mlango. Mimi nikavua ndala nikamrushia, ikampata kifuani. Akazunguka meza akanishika leso shingoni, nami nikamshika koti, tukasukumana kwenye kabati la daftari, bibi wawili wenye mvi, tunahema kama ng'ombe kwenye tope, mpaka Atieno akaingia katikati akilia, "Dani, bibi yangu, wacha! Daktari, wacha!" Kitufe cha koti lake kilibaki mkononi mwangu. Ninacho mpaka leo.

Mlango wa ng'ambo ulifungwa. Atieno hakwenda. Alirudi kazini kwa yule yule, jambo ambalo sikulielewa, na mimi nikakata mguu kwake. Mavuno mawili sikumsalimia. Nikimwona sokoni Homa Bay nilivuka upande wa pili hata kama upande huo una matope.

Kiburi hicho ndicho kilinigharimu.

Pale Mbita kulikuwa na kijana tabibu aliyefungua duka la dawa. Kijana mpole, anasalimia wazee. Alikuwa na unga wake wa kusimamisha damu, majani fulani yaliyochomwa yakasagwa yakachanganywa na vitu, kwenye kopo. Na ukutani alikuwa amebandika karatasi zilizochapwa kutoka jarida lile lile lililomwita Atieno profesa, jina lake juu, na chini yake ukurasa wa wahariri wa jarida hilo, picha zao zimepangwa kama za wagombea. Nikaangalia. Wazungu, Wahindi, mzee mmoja mwenye ndevu, na katikati yao, shingo nene, daktari wa mapanga.

"Huyu si ndiye..." nikasema.

"Ndiye, mama. Yeye ni mhariri hapo. Kazi yangu ilipita mikononi mwao."

Nilisimama pale nikiwa na hasira mbili. Ya kwanza, kwamba alimnyima mjukuu wangu jarida ambalo yeye mwenyewe ameketi ndani. Ya pili nilikuwa namkasirikia kwa sababu bado nilimwamini. Mtu amekushona, hata ukimchukia, mkono wako unamwamini. Nikanunua kopo, nikaweka nyumbani juu ya kabati ya vyombo.

Vita vya nyavu vilikuja mwezi ule ule. Watu wa pwani nyingine walikuwa wamekatwa nyavu zao, wakasema waliozikata ni watu wetu. Walikuja asubuhi na mitumbwi mitatu, mapanga na vyuma vya nanga, na pale kwenye mawe ya kuanikia omena, dagaa wetu, watu walipigana mpaka omena zikageuka nyekundu. Nilimwona mtu akipigwa kasia mpaka kasia likavunjika na mpigaji akaendelea na kipande. Nilimwona mke wa mvuvi ameng'ata sikio la mwanamume na hafungui meno. Ouma wangu alikuja kwangu anatembea, sio kukimbia, anatembea, ameshika mkono wa kulia unaochuruzika damu kwa ule wa kushoto kama mtu amebeba mtoto.

Atieno alikuwa Kegonga anaandika vidonda vya wengine.

Mimi ndiye niliyemwaga ule unga. Mimi. Na karatasi iliyo ndani ya kopo, mke wa Ouma aliisoma, ilisema mkono ufungwe kwa mpira, ukazwe, uachwe mpaka unga ushike, na mgonjwa hana haja ya kukimbilia hospitali. Mimi, mwenye vidole viwili vilivyokufa, nilikata tyubu ya pikipiki, nikamwambia mkwe wangu avute huku nami nivute kule. Siku mbili tulikaa nyumbani. Siku ya kwanza damu ilikuwa imekauka nikashangilia. Siku ya pili ilikuja harufu. Ouma alisema hasikii mkono. Alisema kwa furaha, kwamba maumivu yamekwisha.

Tukampeleka Homa Bay. Daktari alikuwa ameshastaafu lakini hakuna aliyejua kumfukuza. Alimwangalia Ouma, akaosha mikono. Nilikaa nje kwenye benchi. Alipotoka alikuwa amebeba kitu kirefu ndani ya kitambaa cha kijani, akakaa karibu nami. Mavuno mawili, na hivyo ndivyo tulivyosalimiana.

"Atapona," akasema. "Mkono ni huu. Ni wenu."

Kwetu kiungo cha mtu hakitupwi. Kinarudi nyumbani kinazikwa. Nilipokea, nikaweka mapajani, kizito kuliko nilivyodhani.

"Nani alifunga mpira?"

"Mimi."

"Saa ngapi?"

"Jumanne, saa tatu kasorobo." Nilikuwa nimeangalia saa. Hilo nilikuwa nimejifunza.

Akaandika. "Na unga? Kwa nini, Mama Ouma? Wewe unayefungua shavu la samaki?"

"Kwa sababu wewe ulisema."

"Mimi?"

"Picha yako iko pale. Kwenye jarida lake. Wewe ni mhariri."

Nilikuwa nimemwona mwanamke huyu akirushiwa mawe na ndugu wa wagonjwa, hakurudi nyuma. Nilipomwambia hayo alishuka kutoka kwenye benchi akakaa sakafuni, miguu mbele, kama mtoto. Hakujua. Wenye jarida walikuwa wamechukua picha yake kutoka mkutano fulani, wakachukua jina, wakaweka. Kisha akanyoosha mikono akachukua ule mkono wa Ouma kutoka mapajani mwangu, akaukumbatia.

Tuliuzika kesho yake nyuma ya nyumba, yeye mwenyewe akishika jembe. Alipomaliza aliuliza duka liko wapi.

Nilimfuata. Ilikuwa saa sita mchana, watu wamejaa. Hakubisha hodi. Alichukua kiti cha wateja akapiga kabati la kioo, tena, tena, makopo yakamwagika, unga ukapanda hewani tukakohoa wote. Kijana akaruka kaunta, "Daktari! Daktari, mimi nimechapishwa!"

"Nani amekusoma?"

"Wahariri..."

"Nani? Taja mmoja. Alikuuliza nini? Alikukatalia nini?"

"Hawakuuliza kitu."

"Siku ngapi?"

Kijana akaangalia chini. "Nne."

Akampiga kofi. Nilihesabu matatu, na la nne halikutoka. Mkono ulibaki juu, kwa sababu kijana alikuwa ameanza kulia na kusema, "Lakini wewe ulikuwa pale, mama. Nilikuona pale nikasema kama daktari yuko, ni salama." Maneno yangu yale yale.

Aliushusha mkono polepole. Akavuta kile kiti kilichovunjika, akakaa. "Leta orodha ya uliowauzia," akasema. Wiki nzima walizunguka wawili, nyumba kwa nyumba, Mbita yote mpaka Rusinga, kijana anabeba gunia, daktari anakusanya makopo. Mwisho kijana yule alikuwa anampigia simu kumuuliza hata dawa ya kikohozi.

Aliwaandikia wenye jarida watoe jina lake. Hawakujibu. Akaandika tena. Kila mwezi Atieno alifungua kompyuta, na kila mwezi sura yake ilikuwa pale pale inacheka. Hilo lilimla. Alisimama kanisani kwetu, yeye aliyekuwa anawakatiza wahubiri, akatangaza kwamba uso wake umeibwa na yeyote atakayeuona ajue si yeye. Watu walidhani amerogwa.

Mara ya mwisho nilimwona mwaka huu, msimu wa omena nene. Nilimpelekea za kukaanga, na mboga ya mrenda, na ugali wa mtama, kwa sababu kiharusi kilikuwa kimempiga na upande wa kulia wote umelala. Mkono ule uliotushona sisi sote ulikuwa juu ya shuka kama kitu alichowekewa na mgeni. Nilimlisha mimi. Atieno alikuwepo, na Ouma, shati lake limekunjwa likapigwa pini begani.

Atieno alikuwa na karatasi mbili.

Ya kwanza ilitoka jarida zuri. Kazi ya daftari ilikuwa imerudi mara ya tatu, na maswali kurasa kumi na moja. Walihoji saa, walihoji upana wa mpira, walihoji hata kile alichoandika cha ng'ombe wameshatoka. Nilitaka kuwatukana. Daktari alikuwa anacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki.

"Wamesoma," akasema. Maneno yalitoka mazito, lakini yalitoka. "Mama Ouma, wamenipiga vizuri. Wamesoma."

Yeye na Atieno walishatayarisha majibu. Alidai kalamu, akaiweka mkono wa kushoto, akaandika jina lake chini ya jina la Atieno. Ilimchukua muda wa kula samaki mzima. Herufi zilipanda na kushuka kama mtoto wa darasa la kwanza ameandika, na aliziangalia kwa fahari.

Ya pili ilitoka jarida la siku nne. Walikuwa wamejibu hatimaye. Wako tayari kutoa jina na picha yake mara moja, siku hiyo hiyo, bila gharama. Atie tu sahihi kwenye fomu kwamba alikubali kuwa mhariri wao tangu mwanzo, na kwamba sasa anastaafu kwa heshima kwa sababu ya afya.

"Daktari, ndio njia peke yake," Atieno akasema. "Tumejaribu zingine zote."

Nilijua daktari alivyolitaka. Hakutaka kuzikwa uso wake ukiwa unauza unga. Nikamsogelea nikamfuta mdomo. "Bonyeza tu dole gumba," nikamwambia. "Mimi nimebonyeza maisha yangu yote, haliumi. Litoke, ulale vizuri. Sisi tunajua ukweli."

Ouma akasema, "Mimi sina neno na wewe, daktari. Bonyeza."

Atieno alifungua kidau cha wino akakiweka juu ya shuka. Daktari akaangalia wino. Akaangalia shati la Ouma, pale lilipopigwa pini, muda mrefu. Halafu mkono wa kushoto ukainuka, nikadhani unaenda kwenye wino, kumbe unaenda kwenye kidau chenyewe. Akakisukuma kikaanguka sakafuni, bluu ikatapakaa miguuni mwangu.

"Siweki jina langu pale," akasema. "Hata mnikate mikono yote miwili, siweki."